Mektrida na Maji ya Kijani

Hebu vuta picha ya mama mmoja akishuka kwenye pikapu ya mpunga pale Kiboriloni, siku ya soko, jua limeshapanda. Ni mrefu, mwembamba, kitenge amekikaza kiunoni, na mikononi ameikumbatia ndoo yenye kifuniko kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Utingo anataka kumpokea, anakataa. Anatanguliza mguu mmoja, anapapasa ardhi, ndipo anauleta wa pili. Hata tone halikumwagika.

Wauza ndizi walimjua.

"Mama Martin, umetuletea nini cha tambarare? Samaki?"

"Si samaki."

"Basi funua tuone. Au unakula peke yako siku hizi?"

Akafunua. Ndani yalikuwamo maji ya kijani, mazito kidogo, kama mrenda uliozimuliwa, yenye harufu ya kidimbwi cha vyura. Kicheko kikalipuka mpaka wauza mitumba wa upande wa pili wakageuza shingo.

"Yaani umepanda gari mpaka Chekereni kwenye mashamba ya mpunga kufuata maji machafu? Huku mlimani yametuishia?"

"Haya si machafu," akasema Mektrida, akifunika ndoo yake. "Hii ni mbegu."

"Mbegu ya nini? Ya vyura?"

"Nikivuna nitakuletea wewe wa kwanza."

Akacheka nao, kwa sababu hakuwa mtu wa kununa. Lakini kicheko chake hakikushuka mpaka tumboni. Maji yale wanayoyacheka ndiyo yalikuwa yaamue kama ng'ombe wake watabaki bandani au watatoka.

Tumfuate basi mpaka kwake, juu ya Kiboriloni, mahali ambapo barabara inaacha lami na migomba inaanza kufunga anga.

Mektrida aliolewa pale na Kornel, mtu mpole wa kahawa. Kihamba chao, yaani shamba la nyumbani ambalo Kornel aliachiwa na baba yake, kilikuwa na mibuni mingi, na kahawa ndiyo iliyoezeka nyumba yao bati na kumsomesha Martin, mtoto wao wa kwanza. Kisha ikaja miaka ile ya soko huria. Wanunuzi wakawa wengi na bei ikawa ndogo, jambo ambalo Kornel hakulielewa mpaka anaingia kaburini. Alizikwa palepale kihambani, chini ya migomba, kama baba yake. Mibuni ikazeeka bila dawa. Mektrida aliitazama kwa muda mrefu kama mtu anayemtazama mgonjwa, na mwisho akaikata na kupanda mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe.

Ng'ombe alimpata kupitia parokia, kwa mpango kwamba ndama wa kwanza anaenda kwa familia nyingine. Alikuwa mtamba wa kizungu, wa kufugwa ndani. Mektrida akampa jina Neema, na kweli akawa neema. Maziwa yakaenda kituoni asubuhi kwa asubuhi, na Dominika, kitinda mimba wake, akaenda sekondari kwa maziwa hayo. Ndama wa pili akabaki nyumbani. Baadaye akaongeza nguruwe, maana alikuwa mpishi wa mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, na machicha ya mbege kwa nguruwe ni karamu.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Banda lilikuwa kwenye mteremko, na chini ya banda unapita mfongo. Kwa ambaye hajafika huku, mfongo ni mfereji waliouchimba mababu, unaochepusha maji ya mto kule msituni na kuyapitisha kihamba kwa kihamba. Kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Siku ya kuusafisha wote wanatoka na majembe, na asiyetokea anatozwa debe la mbege. Maji ya kunywa wakati huo watu walichota bombani, lakini ya kufulia, ya kumwagilia na ya mifugo yalikuwa ya mfongo.

Sasa ng'ombe wakioshwa, nguruwe wakioshwa, mikojo na povu vinateremka. Alivichota kwa ndoo na kuvimwaga migombani, lakini mvua za masika zilimshinda. Zikinyesha tu, vyote mfongoni.

Anayepokea maji baada ya Mektrida ni Tabitha, jirani wa chini, mama ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya korongo. Siku moja akapiga hodi, kidumu mkononi.

"Karibu, Mama Gladys. Kaa, mtori wa ndizi uko jikoni."

"Sikuja kula. Nimekuletea zawadi." Akakitua kidumu mezani. Maji yalikuwa ya kahawia, na juu povu. "Kunywa."

"Jamani, jirani."

"Kunywa kidogo tu. Ndama wangu anayanywa, wajukuu wangu wanayaoga. Nikaona si vizuri kuufaidi mkojo wa nguruwe wako peke yangu na mwenyewe yupo."

Mektrida aliinamisha macho. "Nisamehe."

"Nikikusamehe, nguo zangu zitatakata?"

Ukweli Tabitha alikuwa na haki. Ndama wake mwingine alikuwa amekufa kwa kuhara, na ingawa hakuna aliyethibitisha chanzo, kila mtu alikuwa na pua.

Shauri likafika kwa wazee wa mfongo. Mwenyekiti wao, Mzee Fabian, hakuwa mtu wa kufoka. Alimwambia Mektrida, "Hatukuchukii, mwanangu. Lakini mfongo hauna mdomo, ndiyo maana sisi tunausemea. Kikao cha baada ya Krismasi kitafanyika kwako. Tukikuta bado unatuletea haya, ng'ombe na nguruwe watoke kihambani."

Mektrida hakulia. Alirudi bandani, akamkuna Neema nyuma ya sikio, akafikiri juu ya Dominika na madaftari yake.

Msaada ulikuja kwa pikipiki. Pamela alikuwa binti wa mradi wa mifugo, aliyevaa suruali na buti, wazee wakimtazama kwa jicho la pembeni. Alikaa jikoni kwa Mektrida na kueleza huku akila mtori.

"Mama, maji ya banda yamejaa chakula. Yakiingia mfongoni chakula kile kinaoza, ndiyo harufu unayoisikia. Sasa kuna mimea midogo, midogo kuliko unga wa ulezi, inaishi majini. Huioni mmoja mmoja, unaona ukijani tu. Hiyo inakula kile chakula. Ukiipa nafasi, uchafu unageuka mmea."

"Na mmea unaenda wapi?"

"Unauchuja kwa shuka kuukuu. Weka migombani. Maji yanayobaki si ya kunywa, lakini hayanuki tena, na hayaozeshi mfongo wa watu."

Wakachimba shimo la kutuamisha matope ya samadi, na chini yake mabwawa mawili ya kina kifupi, yaliyotandikwa nailoni ya buluu. Pamela akamwelekeza mahali pa kupata maji yenye ukijani wa kuanzia, kule kwenye majaruba ya mpunga. "Unaleta kidogo kama mbegu," alisema, "inazaliana yenyewe."

Neno hilo Mektrida alilielewa sana. Pengine alilielewa kupita kiasi. Mama huyu alikuwa amegandisha mtindi kwenye kibuyu tangu usichana wake, akipanda maziwa mapya juu ya mabaki ya jana. Alikuwa amechachua ndizi za mbege kwenye mapipa miaka na miaka. Alijua kwamba kitu chochote chenye uhai ndani yake kinataka giza, kinataka joto, na hakitaki kuchunguliwa. Basi siku ile aliyotoka Kiboriloni na ndoo yake, aliimwaga mbegu bwawani kwa heshima zote, akafunika kwa majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, akakandamiza kwa mawe, kisha akawapiga marufuku kuku na binadamu kusogea.

Pamela aliporudi alisikia harufu kabla hajazima pikipiki. Maji yalikuwa meusi kama masizi.

"Mama, nani amefunika hapa?"

"Mimi. Ili ichachuke vizuri."

Binti alitaka kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. "Mama, hii haichachuki. Hii inataka jua, kama mahindi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Sikujua kama kuna mtu duniani atalifunika bwawa!"

"Wewe umeshawahi kuona mbege inaanikwa juani?"

Wakatazamana, na kicheko kikawashinda wote wawili, wakashikana mabega pale pale penye uvundo.

Lakini jua lenyewe litoke wapi? Kihamba ni kivuli juu ya kivuli. Ilibidi mgrevilia wa upande wa mashariki ukatwe matawi, na migomba kadhaa ya mshare iliyoinamia mabwawa iondoke, mingine ikiwa na mikungu michanga. Mektrida aliikata mwenyewe, mdomo ameufunga. Kisha akapanda tena pikapu kwenda Chekereni. Pale Kiboriloni wauza ndizi wakamuuliza mavuno yalikuwaje, akawajibu kwamba mwaka wa kwanza wa shamba lolote ni wa kujifunza.

Safari hii mbegu ilishika. Aliingiza maji ya banda kidogo kidogo, maana yakiwa meusi mno jua halipenyi. Asubuhi na jioni alikoroga kwa mwiko ule mrefu wa mbege. Ukijani ukakolea mpaka ukawa kama majani ya mchicha yaliyotwangwa. Na harufu, taratibu, ikaondoka. Hakuna aliyeitangaza siku yake ya kuondoka. Watu waligundua tu kwamba wanapita pale bila kuziba pua.

Tabitha alisimama njiani siku moja.

"Nguruwe wako wamehama?"

"Wapo."

"Mbona hawanuki?"

"Wameokoka."

Tabitha alijitahidi asicheke, ikashindikana. Akaenda zake akitikisa kichwa, na Mektrida akajua kwamba hapo amepewa nusu ya msamaha.

Nusu nyingine ilikuwa kwa wazee, na huko bado kulikuwa kugumu. Mzee Fabian alipita kuangalia mapema, akauona ule ukijani, akauma mdomo. "Mimi maji safi nayajua," alisema. "Unaona kokoto chini. Haya yako, mama, hata tembo angezama humu tusingemwona." Pamela akaahidi kuja siku ya kikao kuwaeleza. Ila Krismasi ilipofika naye alikwenda kwao Sanya Juu, na salamu zikaja kwamba pikipiki imeharibika, asingojewe.

Krismasi ya huku unaijua au umeisikia. Miji yote inamwaga watu wake mlimani. Makaburi yanapakwa chokaa, nyua zinafagiliwa mpaka udongo unang'aa, na hakuna anayetaka mgeni akute hata jani limelala. Kutoka Dar akaja Justina, wifi yake Mektrida, mdogo wa marehemu Kornel, na watoto wake, mabegi yake na kicheko chake kikubwa.

"Wifi! Umekonda! Hao ng'ombe wanakukamua wewe?"

"Afadhali mimi nimekonda. Wewe ukikaa kwenye kigoda changu nitakidai kwako."

Walipendana hivyo, kwa kuchokozana. Justina alilia alipokwenda kaburini kwa kaka yake, na njia ya kwenda kaburini inapita kando ya mabwawa. Aliyatazama, akakunja pua, akapita.

Siku moja kabla ya kikao, Mektrida alishinda na Dominika kwenye sala za jumuiya, kwa jirani aliyefiwa. Aliporudi jioni alikuta mabwawa yote mawili yanameta. Nailoni ya buluu ilikuwa imesuguliwa kama sahani. Maji yalikuwa maangavu, kokoto zinaonekana chini moja moja. Justina amesimama pembeni, gauni amelipandisha magotini, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Usiseme kitu, wifi. Nimeambiwa kesho wazee wanakuja. Nikasema kaka yangu hataaibishwa na kaburi lake liko hapo. Tumetoa utelezi wote mimi na watoto, tukajaza maji ya mfongo."

Mektrida alikaa chini kwenye nyasi.

"Mmesugulia nini?"

"Brashi. Na sabuni ya unga, ya kutosha!"

"Na ule ukijani?"

"Tumeumwaga migombani. Wifi, mbona hivyo? Wifi?"

Alimweleza. Alimweleza polepole, bila kupandisha sauti, na ilikuwa vibaya zaidi hivyo, kwa sababu Justina alikuwa amejiandaa kushukuriwa. Kicheko kikubwa kikazimika. Akaondoka mpaka kwenye mpaka wa kihamba, akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akarudi nalo mikono miwili. Mchagga akikuletea sale ameshakuomba radhi, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Mektrida alilipokea. Kwa kweli angemsamehe hata bila jani. Nani angemkasirikia mtu aliyesugua nailoni kutwa nzima kwa mapenzi?

Wakakaa pamoja. Baadaye Justina akasema kwa sauti ndogo, "Lakini wifi, hebu fikiri. Wanataka maji meupe. Si hayo meupe? Wewe nyamaza tu."

Mektrida aliziba kwa matambara bomba linaloleta maji ya banda. Shimo la juu lingehimili mpaka wazee waondoke. Baada ya hapo lingefurika, na yale mabwawa yenye mabaki ya sabuni yasingekula chochote.

Asubuhi wazee wakaja, na nusu ya kikao walikuwa akina mama, maana mwaka mzima waume zao huishi mijini na zamu za mfongo hushikwa na wake. Mzee Fabian aliinama juu ya bwawa, akachota kwa kiganja, akayaacha yachuruzike vidoleni.

"Sasa haya," alisema, "haya ndiyo maji."

Watu wakapiga makofi. Gidioni, katibu wa mfongo, kijana mwenye haraka, akasema, "Mama, tulikuwa tunakuonea. Wazee, tufunge kikao, supu inapoa."

Justina alimbana Mektrida kiuno kwa furaha. Tabitha hakupiga makofi. Alikuwa ameyaona mabwawa haya yakiwa ya kijani wiki ileile, sasa alikuwa anayatazama maji, anamtazama Mektrida, anayarudia maji.

Ilikuwa imekwisha, unaona? Ilitakiwa tu akaribishe watu mtori. Bandani Neema akalia, anadai majani. Mektrida akafikiri juu ya Dominika, ambaye shule yake ingefunguliwa muda si mrefu. Kinywa chake kilikuwa kimeshaanza kusema karibuni ndani.

"Wazee wangu," akasema badala yake, "haya maji si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ni ya mfongo. Yameingia jana." Akawaeleza yote, ukijani na sabuni, akimkinga Justina kadiri alivyoweza. Akachomoa matambara. Maji meusi yakateremka na harufu yake, yakatanuka ndani ya yale maangavu kama wino.

Kelele zikazuka. "Mwanamke, tulishamaliza!" alifoka Gidioni. Mwingine akasema huyu ametuchezea. Mwingine akasema hapana, huyu angetuchezea kama angenyamaza. Justina alijifunika uso kwa kanga.

Mzee Fabian aliwaacha wachoke, kisha akainua fimbo.

"Mimi ukijani ule sikuuamini, na leo bado siuamini. Lakini mimi naishi juu, hayanifiki. Anayeyapokea ni Tabitha. Aseme yeye. Atakalosema ndilo letu."

Tabitha alisogea mpaka ukingoni.

"Ukijani ukiupanda tena, utachukua muda gani?"

"Jua likiwa zuri, hautakawia. Mawingu yakikaa, sijui."

"Na kabla haujashika?"

"Nitabeba kwa ndoo nimwage migombani. Lakini mvua ikinyesha, yatakuja kwako. Sitakudanganya, Mama Gladys. Yatakuja."

Tabitha akageuka, akatazama mteremko wa kwake, kule alikofunga ndama mwingine, mdogo, aliyezaliwa juzi. Kisha akamtazama mwanamke aliye mbele yake, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa ameshinda kesi na akairudisha kwa mkono wake mwenyewe. Wazee wakamngoja.

Nawe umesikia yote aliyoyasikia. Kama ndama ni wako, na wajukuu wanaooga ni wako, ungemwambia nini Mektrida?